Mashati ya Harusi za Watu

Kosa langu la kwanza kwa Mwenyekiti lilikuwa la rangi. Alinipa kazi ya kutengeneza kadi za harusi ya binti wa jirani yake, akaniambia rangi ya sherehe ni damu ya mzee. Niliichagua kwenye kompyuta kwa makini. Nikaitazama mchana, nikaitazama jioni, nikaibadilisha kidogo, nikairudisha ilivyokuwa. Kadi zilipotoka kwenye mashine zilikuwa zambarau. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na hakuna video iliyokuwa imenionya kwamba rangi ya kwenye kioo na rangi ya kwenye karatasi hazilingani. Wajumbe wote wa kamati walikuwa wameshashona mashati ya damu ya mzee.

Nilizipeleka kikaoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, hata nimeyafanyia mazoezi njiani. Mwenyekiti alichukua kadi moja, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama, kisha akawageukia wajumbe.

"Kuna mtu hapa anategemea kuivaa hii kadi?"

"Hakuna, Mwenyekiti!" wakajibu, wakacheka.

"Basi tuendelee na suala la maji ya kunywa."

Kikao kilipokwisha akanivuta pembeni. "Kijana, umeharibu. Lakini umeharibu kwa usafi. Herufi zako zimekaa vizuri, hakuna jina lililokosewa. Kuanzia leo wewe ni katibu."

Sikuomba hiyo nafasi na sikujua jinsi ya kuikataa. Nikawa katibu wake tangu hapo, na hajawahi kuniita kwa jina langu. Naandika habari zake kwa sababu ya jambo moja. Mwaka jana alitakiwa kuvaa nguo kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe, akakosa cha kuvaa. Mkewe alikuwa ameshasema wazi kwamba akimwona amekuja kama mtu wa kamati, haingii naye kanisani, wala hashuki naye tena mjini. Na aliyepewa kazi ya kuamua avae nini ni mimi, mtu ninayeweza kusimama mbele ya mashati mawili yanayofanana mpaka chai ikapoa.

Hakuwa mwenyekiti wa mtaa, wala wa chama, wala wa ushirika. Alikuwa mwenyekiti wa kamati. Kamati ipi? Yoyote. Kwetu Mafiga, na mpaka Mwembesongo, mtu akitaka kuoa, kuoza, kumfanyia binti yake send-off, au kumsherehekea mtoto aliyepata kipaimara, alikwenda kwake kabla hajakwenda kwa padri au shehe. Alikuwa amestaafu kazi ya stoo kiwandani, na nadhani stoo haikuwahi kumtoka. Alitaka kujua kila kitu kimewekwa wapi na kimepokewa na nani. Misibani pia alikuwapo. Huko hakuitwa mwenyekiti. Alisimama tu karibu na masufuria, na kila mtu akajikuta anamuuliza yeye.

Vikao vyake vilianza kwa maneno yaleyale. "Wajumbe, tusile muda." Kisha anaula yeye. Angeweza kueleza kwa kirefu kwa nini gari la bibi harusi lisipite njia ya sokoni, wakati gari lenyewe halijapatikana. Alichukia watu wanaochelewa, na yeye mwenyewe alifika wa mwisho. Siku moja mjumbe mmoja, mama muuza vitenge asiyeogopa mtu, alimwambia mbele ya wote, "Mwenyekiti, sisi tumekaa hapa mpaka makalio yamekufa ganzi."

"Mama, mwenyekiti hachelewi," akajibu huku anavuta kiti. "Kikao ndicho kimewahi."

Kwenye grupu la WhatsApp aliwakataza watu kutuma sauti. "Andika," ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ujumbe wa sauti. Yeye alituma sauti ndefu mno, zenye jogoo anayewika nyuma na mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha.

Lakini kitu ambacho sikukielewa kwa miaka ni kwamba siku ya sherehe yenyewe alitoweka. Ukumbi umejaa, muziki unapigwa, watu wanacheza kuelekea kwenye keki, na Mwenyekiti haonekani. Ungemkuta nyuma na wapishi, anakula amesimama, sahani ameiweka juu ya pipa. Safari moja mshereheshaji alimwita mbele apongezwe. Mwenyekiti alinisukuma mimi. "Nenda Katibu, nenda, mimi nina pilau mdomoni." Nikaenda. Mshereheshaji akapaza sauti, "Kumbe mwenyekiti mwenyewe ni kijana hivi!" Watu wakapiga makofi, nikasimama pale nimevaa pongezi zisizo zangu, shati limenilowa mgongoni. Alicheka kwa siku nyingi. Kila aliponiona aliniamkia yeye. "Shikamoo Mwenyekiti!"

Sasa nieleze mashati.

Kila kamati ina sare yake, na kila sare inashonwa kwa ajili ya siku moja. Mtu wa kawaida huvaa shati lile siku ya sherehe, kisha hulificha, au humpa ndugu wa mbali, kwa sababu mji mzima unalijua. Mwenyekiti hakuficha. Kabati lake lilikuwa limejaa hayo tu. Kijani cha kwenye chupa, njano ya ute wa yai, vitenge vyenye tausi, vitenge vyenye funguo, shati moja la kung'aa ambalo ukisimama nalo juani watu wanafumba macho. Aliyavaa kila siku bila kuchagua. Alikwenda nayo sokoni, benki, hospitali. Watu wa mtaa walikuwa na namna yao ya kumweleza mgeni. "Utamkuta pale kwenye mashine ya kusaga, leo amevaa harusi ya mwalimu."

Kuna siku alikutana sokoni na mwanamke ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika vibaya. Bila kujua, alikuwa amevaa shati la harusi ile. Mimi nilikuwapo, nimebeba nyanya.

"Mwenyekiti," mwanamke akamwambia, hakumsalimia hata kidogo. "Nenda nyumbani kavue."

"Mwanangu, nisamehe, hata sikuangalia."

"Ndiyo maana nakwambia uangalie. Mimi nimehama nyumba ili nisione ile rangi."

Alikwenda akavua. Alirudi amevaa kipaimara cha mtoto wa jirani, akamalizia manunuzi yake. Lakini lile shati hakulitupa. Nilimuuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana magoti.

Hapa ni lazima nijiseme mimi mwenyewe. Katika miaka hiyohiyo nilipata ugonjwa wa kupunguza nguo. Nauita ugonjwa kwa sababu ulinishika kama homa. Nilianza kutazama video za watu wanaoishi na nguo chache, zote za rangi zinazopatana, zimetundikwa kwa nafasi sawasawa. Nilitoa nguo zangu zote kitandani, nikashika moja moja nikijiuliza kama inastahili kubaki. Nilitoa suti yangu ya pekee kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa na rangi tofauti kidogo na vingine. Nilibaki na mashati ya kijivu, meusi na meupe, na nikafikiri nimepona wasiwasi. Haikuwa hivyo. Zamani nilihangaika nichague rangi gani. Sasa nilihangaika kama kijivu hiki kimefifia kuliko kile.

Mwenyekiti aliponiona akavua kofia. "Katibu, umefiwa?"

"Hapana Mwenyekiti, nimepunguza nguo."

"Umepunguza au umeibiwa? Sema ukweli, tufungue kamati."

Nilijaribu kumhubiria. Nilimwambia kwamba mtu akiwa na nguo nyingi asizozihitaji, akili yake haitulii. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akafungua kabati lake, milango yote miwili, harufu ya sabuni na dawa ya nondo ikatujia.

"Hizi si nguo, Katibu. Haya ni mahudhurio yangu."

Mkewe hakucheka aliposikia hivyo. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Mtaa ulimwita Mama Mwenyekiti, na jina lile lilimkera. Yeye ni mtu wa Uluguru, wa kijiji kimoja cha misheni huko juu, na ana shamba alilopewa na ukoo wa mama yake, kwa sababu kwao ardhi na ukoo hufuata upande wa mama. Alilima kabichi, karoti na njegere, akashusha mjini kuuza, akapanda tena. Maneno yake aliyavuta mwishoni kama watu wa kwao, kwa hiyo hata akikugombeza unahisi kama anakubembeleza. Yeye alimwita mumewe Kamati.

"Kamati, uji unapoa."

"Nakuja mama, namalizia suala la mapambo."

"Hayo mapambo yatakupikia uji mwingine?"

Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo kuna jambo nililiona mara nyingi bila kulielewa. Kwenye misa za harusi, watu walipojipanga kupokea komunyo, Mwenyekiti alitoka nje. Aliniambia anakwenda kuangalia magari. Nilimsifu moyoni: hata ndani ya kanisa anakumbuka magari! Mkewe ndiye aliyenifungua macho, siku moja nilipompelekea kadi na kumkuta peke yake, anachambua mchicha.

"Magari gani?" akasema. "Anatoka kwa sababu haruhusiwi kupokea. Na mimi pia. Hatujafunga ndoa, mwanangu. Tuna watoto wakubwa, tuna wajukuu, hatujafunga ndoa."

Nilikosa pa kuweka kadi. "Lakini mama, yeye ndiye anayefungisha mji mzima."

"Ndiyo hivyo. Kila mwaka ananiambia, kamati hii ikiisha, zamu yetu. Inaisha, inakuja nyingine. Nikamwambia, twende kwa padri, mashahidi wawili, tumalize. Akasema mtaa utamwonaje, yeye, afunge ndoa bila ukumbi? Nikamwambia basi itisha kamati. Akasema anaona aibu kuwachangisha watu." Akakata majani ya mchicha kwa nguvu. "Hataki bila kamati, na kamati hataki kuiita. Sasa mimi niko wapi hapo katikati?"

Mwaka jana, msimu wa kilimo ulipofika, mkewe alipanda mlimani kama kawaida. Msimu ukaisha, hakushuka. Mjomba wake, mzee mkubwa wa ukoo wao, mwenye kauli katika mambo yao ya ndoa, alikuwa ameanza kupoteza macho, na alisema anataka kuiona ndoa ile wakati bado anaona. Mama Mwenyekiti akamwita mumewe, wakaenda kwa padri, wakaandikishwa, matangazo yakaanza kusomwa kanisani. Halafu akampa masharti. Hakuna kamati, hakuna ukumbi, hakuna sare. "Na ule mzigo wa mashati uutoe nyumbani. Mimi sisimami altareni na harusi ya mtu mwingine. Ukija kama Kamati, mimi naenda zangu shambani, na huko mjini urudi peke yako."

Mwenyekiti alinipigia simu. Hakutuma sauti.

"Katibu, njoo na mifuko. Mikubwa."

Nakiri kwamba nilikwenda kwa furaha. Nilikuwa nimelitamani kabati lile kwa miaka. Nilipanga mifuko sakafuni, nikakunja mikono ya shati, nikaanza. Yeye alikaa kitandani akiyatazama yanavyopita.

"Hao wana mapacha sasa," alisema. "Hao walihamia Dodoma. Huyo bwana harusi alizimia, unakumbuka? Tukasema ni joto." Baada ya muda akaacha kusema. Niliendelea kutoa, kukunja, kupanga kwa rangi, ingawa hakuna aliyeniambia nipange kwa rangi. Mifuko tuliipeleka Mwembesongo kwa mama mmoja anayeshona mito na vitambaa vya kushikia masufuria. Aliipokea bila maswali.

Tuliporudi, milango ya kabati ilikuwa bado wazi. Zilibaki suruali nyeusi, fulana za ndani na koti la mvua. Mimi niliona kabati zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Yeye alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Katibu, kabla ya hawa watu kuoana, mimi nilikuwa navaa nini?"

Kwa mara ya kwanza nilijiuliza nimefanya nini. Nilikuwa nimemsaidia mtu kutoa nguo za wengine zote, na chini yake hapakuwa na nguo yake hata moja.

Tukaanza kuhangaika. Nasema tukaanza, lakini aliyehangaika zaidi ni mimi. Nilichora michoro, nikahifadhi picha, nikamwamsha kwa ujumbe. Shati jeupe na suruali nyeusi? Akakataa kabla sijamaliza. "Hao ni wahudumu wa ukumbini. Watu wataniomba soda." Kaunda suti? Alisema atafanana na mtu aliyekuja kukagua vyoo vya shule. Kitenge kipya? Nikakataa mimi, maana kitenge kwake kilikuwa kamati hata kikiwa kipya. Koti peke yake, bila tai? Akajitazama na koti la kuazima, akasema, "Nauza bima."

Tukaenda kwenye duka linalokodisha suti. Dada wa dukani alitupokea vizuri, akamzunguka Mwenyekiti na kamba ya kupimia, kisha akaniuliza, "Sasa bwana harusi mwenyewe yuko wapi nimpime?"

"Ndiye huyu."

"Jamani! Babu, hongera!"

Mwenyekiti alivaa suti ya bluu, akatazama kioo. Sura yake ilikuwa imekaza, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Halafu macho yake yakahama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye mpangilio wa duka, na kabla sijamzuia alikuwa ameshamwambia yule dada kwamba meza yake inazuia njia, aisogeze kule. Dada akaisogeza. Nilimtazama Mwenyekiti na nikapatwa na hofu. Ukimvika suti, anaanza kuongoza.

Kulikuwa na ya kijivu pia. Nilimvalisha bluu, kijivu, bluu, kijivu, mpaka yule dada akaketi. Kila nilipoamua, niliona kasoro. Mwisho nilifanya kile ambacho mtu kama mimi hufanya: nilikodi zote mbili, nikasema tutaamua huko huko.

Tulipanda Ijumaa, kila mmoja na pikipiki yake, suti zimefungwa kwenye nailoni na nimezikumbatia kama mtoto mgonjwa. Barabara ilikuwa na utelezi na ukungu ulitufikia kabla ya kijiji. Dereva wangu aliniambia nishike chuma cha nyuma, si nguo. Sikumsikiliza. Tulilala kwa mjomba, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kuamka, nikaomba pasi ya mkaa, nikazipiga pasi suti zote mbili. Mwenyekiti akavaa ya kijivu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kengele ya kwanza ya kanisa ilikuwa imeshalia.

Nilimwambia akae ndani. Akatoka nje kuona hali ya hewa. Nilipomfuata, nilimkuta kwenye moto, mbele ya akina mama wanaopika.

"Hizi kuni mbichi, nani alizipokea?" alikuwa anauliza. "Na haya mabenchi yageuzwe, watu watakula huku wanatazama jua?"

Vijana wawili walikuwa wameshaanza kugeuza mabenchi. Mjomba, aliyekaa kwenye kiti chake ukutani na fimbo katikati ya miguu, akainua uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Huyu ndiye anayeoa," akauliza polepole, "au ndiye wa kupanga viti?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mkewe alikuwa mlangoni, amevaa gauni la rangi ya maziwa na kilemba cha rangi hiyohiyo. Yeye hakucheka.

"Kamati."

"Naam."

"Nani kakupa kazi?"

Mwenyekiti aliingia ndani akinipita. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, koti la kijivu na shati la kukodi ameshavivua.

"Nipe ya bluu," akasema. Nikampa. Aliingiza mkono mmoja, akasimama hapo. "Wewe unaonaje, Katibu?"

Nikaanza kumweleza. Bluu inakaa vizuri mabegani ila mikono mirefu kidogo, kijivu mikono iko sawa ila kola, na tukizingatia mwanga wa asubuhi...

"Usimuulize huyo." Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Jiulize wewe. Unataka kuvaa nini?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote hii umewachagulia watu mpaka rangi ya vijiko."

"Wale ilikuwa kamati. Tulipiga kura."

"Basi leo kura ni yako peke yako." Alisema taratibu, akiyavuta maneno, na nilijua kabisa kwamba habembelezi. "Kengele ya pili ikilia hujajua, navua hili gauni, nachukua jembe. Sitagomba. Nitakwenda kulima tu."

Akatoka. Mwenyekiti aliutoa mkono kwenye suti ya bluu, akavaa koti lake la mvua juu ya fulana ya ndani, akapita mlango wa nyuma, akashuka njia ya kuelekea kwenye maduka ya misheni. Niliokota viatu vyangu nimfuate.

"Kaa," mjomba akaniambia kutoka ukutani. Sijui alinionaje.

"Babu, atachelewa. Nimsaidie tu."

"Mtu mzima hasindikizwi dukani. Kaa."

Nikakaa. Nikasimama. Nikaingia ndani nikakunja suti, nikazikunjua, nikazitundika. Nilitazama njia, nilitazama simu, nilitazama kanisa lililokuwa likijitokeza na kupotea kwenye ukungu. Nilifikiri labda ameteremka moja kwa moja mpaka mjini. Nilifikiri ningechagua ya bluu tangu dukani haya yasingetokea. Mkewe alikuwa uani, mgongo umenyooka, jembe limeegemea ukuta karibu naye. Hakuna aliyelisogeza.

Kengele ya pili ikaanza kulia. Mkewe aliinua mikono, akaanza kufungua kilemba.

Mwenyekiti alitokea kwenye kona ya migomba akiwa anahema. Alikuwa amevaa shati la rangi ya chungwa lililoiva, jipya, lenye mistari ya mikunjo ya kwenye boksi, kifuani na tumboni. Lilikuwa kubwa. Mabega yaliteremka mpaka nusu ya mkono, na kadibodi ya kola ilikuwa bado imo ndani, imemwinua kidevu.

Alisimama mbele ya mkewe. Koti la mvua alikuwa amelishika mkononi.

"Nani kakuchagulia?" mkewe akauliza.

"Mimi."

"Muuza duka hakusema kitu?"

"Alisema lile jeupe ni zuri zaidi."

"Na wewe?"

"Mimi nimelipenda hili."

Mkewe alimtazama kuanzia kwenye kola mpaka kwenye viatu vyenye tope, akapanda tena juu. Mikono yake ilikuwa bado kwenye kilemba.

"Halijakupendeza."

"Najua."

Mkewe aling'ata midomo, lakini kicheko kilimshinda, kikatoka puani kwanza, kisha kikatoka chote, mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti naye akacheka, kidevu juu. Alipotulia, mkewe alikifunga kilemba upya, akakibana vizuri.

"Twende," akasema. "Padri hatusubiri sisi."

Nikajikuta nimenyoosha mkono kuelekea kwenye ile kadibodi. "Mwenyekiti, kola tu, mara moja—"

"Katibu," akasema bila kunitazama. "Acha."

Nikaingiza mkono mfukoni. Alitangulia hatua chache mbele, kama alivyozoea, akitazama njia kama imefagiliwa. Halafu akasimama akamngoja mkewe, wakaenda pamoja, na mjomba akafuata ameshika bega langu. Kanisani, padri alipomuuliza mkewe kama anamkubali mtu huyu, alijibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi letu la nyuma. Mjomba alitikisa kichwa, akaniuliza kwa kunong'ona lile shati ni la rangi gani. Nikamwambia.

Tangu siku hiyo Mwenyekiti hajaongoza kamati yoyote. Anaishi mlimani na mkewe, na hushuka mjini siku za kuuza karoti. Kamati za mtaa wetu zina mwenyekiti mwingine. Mimi bado natengeneza kadi. Nguo simchagulii mtu tena.